Mtoto Aliyeimba Ndani ya Joko

Paukwa?

Pakawa.

Ije?

Ije na uongo wake.

Tuiweke wapi?

Hapa hapa katikati, kila mtu aione.

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nisije nikasimulia kelele za meno yako. Wale wanaosema hadithi ya mchana humwotesha mtu mkia, leo wanyamaze, maana ninaowasimulia wana mikia tayari.

Hapo kale palikuwa na nchi ya mazimwi. Binadamu hakuwa amefika huko, wala hakuna aliyemwalika. Walikuwa mazimwi wa kawaida tu, wenye kulima, kuoana, kugombania mipaka na kusengenyana kisimani. Huyu ana mkia, yule ana pembe, mwingine ana jicho la tatu kisogoni, na hakuna aliyemshangaa mwenziwe. Lakini mazimwi walikuwa na maradhi yao, na maradhi hayo yalikuwa uvivu. Zimwi akiinama mara moja alitaka kulala siku mbili. Ndiyo maana walikuwa na viumbe.

Kiumbe walimuunda hivi. Sikilizeni, lakini msijaribu nyumbani, mama zenu watanijia juu. Zimwi alikwenda mtoni kiangazi, akachimba udongo mweusi. Akauponda, akauponda, akauponda. Akatia majivu ya jikoni kwake, akautemea mate yake mwenyewe mara tatu. Akafinyanga miguu, mikono, kichwa na masikio mawili. Mdomo hakuweka, kwa sababu kiumbe hana la kusema. Kisha, udongo ukiwa bado mbichi, aliinama sikioni akanong'ona kazi. Kazi moja tu. Fagia. Chota maji. Winga ndege shambani. Neno la kwanza kuingia sikioni ndilo hilo, na la pili halikupata nafasi. Hapo kiumbe aliinuka akaanza kazi.

Na kumsimamisha? Aliyemuunda alimwambia, "Kazi imekwisha." Kiumbe aliketi chini akawa udongo. Ila neno hilo halikukubali kusemwa kwa uongo. Palikuwa na zimwi mmoja aitwaye Bi Mashavu, aliyeunda kiumbe wa kumkuna mgongo. Siku moja wageni wakabisha hodi, yeye haraka haraka akamwambia kiumbe wake kazi imekwisha. Mgongo bado unawasha. Kiumbe akamkuna mbele ya wageni, akamkuna kwenye mkeka, akamkuna wakati anawaaga mlangoni, mpaka kule kuwasha kulipokwisha kwelikweli ndipo akaketi akawa udongo. Bi Mashavu hakutoka nje siku nne kwa aibu.

Masika yalipoingia, viumbe wote waliyeyuka kwenye mvua. Hakuna aliyewalilia. Kiangazi kikirudi, mtu alikwenda mtoni akaunda wengine. Kwa hiyo hawakupewa majina. Na palikuwa na sheria moja nchi nzima: kiumbe hachomwi moto. Zamani za mababu zao, zimwi mmoja alimuunda kiumbe wa kuchimba kisima, akaona tabu kuunda mwingine kila mwaka, akamchoma kama mtungi. Mvua haikumyeyusha. Akachimba, akachimba, na zimwi mwenyewe akatumbukia shimoni kabla hajasema kazi imekwisha. Yule kiumbe anachimba mpaka leo. Ukisikia ardhi inatetemeka, ndiye huyo anapita.

Sasa njooni nyumba ya mwisho, kule karibu na mto. Hapo alikaa Bi Siwatu, zimwi mfinyanzi. Pembe alikuwa nayo moja, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa miaka ya kuinamia udongo. Mume alikuwa amekufa. Mtoto hakupata. Mitungi ya nchi nzima ilitoka mikononi mwake, na watu walimsifia mitungi, wakaichukua, wakaenda zao.

Bi Siwatu hakuwahi kuunda kiumbe. Aliona nini cha kumwagiza, na mikono anayo? Lakini mwaka ule mgongo ulikataa. Akisimama unalia, akikaa unalia, akilala ndiyo kabisa. Akasema moyoni, haya, nami nitaunda wa kunibebea udongo.

Akachimba, akaponda, akatia majivu, akatema mate. Miguu akafinyanga, mikono akafinyanga, kichwa akafinyanga. Na hapo akakosea kosa la mfinyanzi. Maisha yake yote hajaunda chombo kisicho na mdomo. Mkono ukaenda wenyewe, kidole gumba kikabonyea, akashtukia mdomo umekaa. Akauangalia. Mdomo mdogo, umebenuka upande mmoja kidogo, kama wa mtoto anayetaka kulia halafu anaghairi. Bi Siwatu akainama sikioni anong'one "Beba udongo." Akainama, akautazama tena ule mdomo, na neno lililotoka halikuwa lile alilokwenda nalo.

Akasema, "Mwanangu."

Mmeona mambo hayo? Neno la kwanza ndilo kazi, na la pili halina nafasi.

Kile kidude kikafumbua macho. Kikaketi. Kikasema, "Mama, nina njaa."

Bi Siwatu akakaa chini pu, mgongo na maumivu yake akavisahau. Akampa alichopata, konzi ya majivu ya jikoni, naye akala akalamba na vidole. Alikuwa binti, mdogo wa kimo cha mtungi. Bi Siwatu akamwita Sikudhani, na kwa kweli hakudhani.

Tangu siku hiyo Sikudhani akawa anafanya kazi yake kwa bidii. Akivunja mitungi. Akifukuza kuku wa jirani. Akimshika mama yake mguu wakati anapita na moto mkononi. Akiuliza kwa nini kobe hana nywele, kwa nini Bi Mashavu ana mikia miwili, na huo wa pili aliupata wapi. Bi Siwatu akifoka, akitisha, akigeuka upande wa ukuta ili asionekane anacheka. Hata uso wake ulinawiri. Majirani walipomwona wakaambizana kwamba Siwatu ameunda kiumbe asiye na kazi, masikini, uzee huo.

Kiangazi kikasogea mwisho. Siku moja Sikudhani akaoneshea kidole mlimani akauliza ile nini. Mama yake akamjibu kwamba ni wingu. Siku ya pili akauliza wingu limebeba nini. Mama yake akamjibu kwamba limebeba mvua. Siku ya tatu akaja akajilaza mapajani mwake, akauliza taratibu.

"Mama, mvua ikija, mimi nitakuwa wapi?"

Bi Siwatu akamshusha mapajani, akainuka. Akasema ngoja nikatie moto jikoni. Akaenda nyuma ya nyumba, akashika ukuta, akalia kilio cha zimwi, na kilio cha zimwi ni kikubwa, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

Alipomaliza kulia akajifuta uso na ncha ya kanga, akalitazama joko lake la kuchomea mitungi. Alilitazama sana. Sheria aliijua. Na kitu kingine alikijua ambacho wenzake hawakukijua, kwamba moto si rafiki wa kila chombo. Mtungi ukiingia jokoni haujakauka, unapasuka. Mtungi ukizibwa, pumzi ikakosa pa kutokea, unapasuka. Ukipasuka, hakuna tena mtungi wala udongo, ni vigae tu. Akimchoma huenda akamuua kwa mkono wake. Asipomchoma mvua itamuua, naye amekaa anatazama.

Akarudi akamweleza mtoto yote, bila kumficha. Sikudhani akafikiri kidogo, akauliza kama moto unauma. Mama yake akasema hajui. Mtoto akasema, "Basi wewe kaa karibu."

Sasa kumkausha. Chombo hukaushwa kivulini, polepole, siku tisa, hakitikisiki. Mwambieni mtoto akae bila kutikisika siku tisa! Siku ya tatu alipita kuku, Sikudhani akamfuata mpaka shambani. Siku ya tano alicheka mpaka akapata ufa kwapani, mama yake akauziba kwa udongo laini. Kila jioni Bi Siwatu alimgonga mgongoni kwa kidole. Chombo kibichi hulia bwa. Kilichokauka hulia ngee. Siku ya sita, bwa. Siku ya saba, bwa, na radi ikapiga ng'ambo ya mlima. Siku ya nane alilia ngee mgongoni, ngee tumboni, lakini kisigino cha kushoto bado bwa.

Siku ya tisa, asubuhi, tone la kwanza likaanguka. Likaangukia bega la Sikudhani, likachimba kishimo. Hakukuwa na siku ya kumi.

Bi Siwatu akapanga magome makavu, akapanga samadi kavu, akapanga nyasi. Akamwingiza mtoto jokoni kwa mikono yake miwili.

Akamwambia, "Chombo kilichozibwa hupasuka, mwanangu. Usifunge mdomo. Hata ukiogopa, usifunge mdomo. Imba."

"Niimbe nini?"

"Niite tu. Mimi nitaitika."

Akaziba mlango, akawasha. Moto ukapanda. Na kutoka ndani sauti ndogo ikaimba. Na nyinyi nisaidieni hapa, mkae upande wa Bi Siwatu:

*Mama, mama, upo?*
*Nipo, mwanangu, nipo.*

Moto ukawa mwekundu.

*Mama, mama, upo?*
*Nipo, mwanangu, nipo.*

Moto ukawa mweupe. Bi Siwatu akangoja. Kimya. Matone ya mvua yanalia juu ya joko, chwa, chwa, na ndani kimya. Akaimba yeye wa kwanza, *mwanangu, mwanangu, upo?* Kimya. Akasahau ufinyanzi wote alioujua, akatia mkono motoni abomoe mlango, ngozi ikababuka mpaka kwenye kiwiko.

Ndipo akasikia, "Nipo, mama. Nilimeza moshi."

Mvua ikashuka kwa nguvu. Ikazima moto, ikapoza joko. Sikudhani akatoka mwekundu, mwekundu wa mtungi mpya, ana ufa mdogo kwenye kisigino cha kushoto na hana kasoro nyingine. Akasimama uani mvua ikimpiga. Ikamteleza, ikaanguka chini. Huku na huku, nyua za jirani zote, wafagiaji na wachota maji walikuwa wanayeyuka. Bi Siwatu akamkumbatia kwa mkono mzima, na ule ulioungua akauacha mvuani upoe.

Mambo yangeishia hapo kama si Bi Mashavu. Moshi wa Bi Siwatu haukuwa kitu kigeni, lakini joko linaloimba lilikuwa jambo jingine. Bi Mashavu aliisikia sauti, akajifunika mkeka kichwani, akakimbia kwa Jumbe Machano, mkubwa wa nchi. Sitaki mumchukie. Alikuwa mwoga, na alikuwa anamfikiria yule mchimbaji chini ya ardhi.

Kesho yake barza ikaitishwa. Jumbe Machano alikuwa na midomo miwili, wa juu wa kusemea, wa chini wa kulia chakula, na wakati wa kuhukumu yote miwili ilikuwa kazini. Ubavuni mwake, juu ya kitanda cha kamba, alikaa mama yake, Bi Mwatime, kikongwe aliyebakiwa na jino moja, na jino lenyewe linacheza.

Jumbe akaeleza sheria, ingawa kila mtu aliijua. Akasema mvua haimyeyushi huyu, kwa hiyo lililobaki ni neno la aliyemuunda. Bi Siwatu amwambie kazi imekwisha, hapa, mbele ya watu, kila mmoja arudi kwake. Akikataa, rungu lipo.

Bi Siwatu akamtazama mwanawe. Hakujua itakuwaje. Kazi aliyompa haikuwahi kupewa kiumbe yeyote, nani angemwambia inaisha lini? Pengine iliisha jana, mtoto alipotoka motoni.

"Sikudhani, kazi imekwisha."

Magoti ya mtoto yakakunjika kidogo. Barza nzima ikavuta pumzi. Mtoto akatazama miguu yake, akaisimamisha.

"Bado, mama. Mkono wako haujapona."

Jumbe akamwamuru aseme tena.

"Sikudhani, kazi imekwisha."

"Bado, mama. Hujaniambia kwa nini kobe hana nywele."

Jumbe akamwamuru aseme mara ya tatu, na aseme kwa sauti. Bi Siwatu akasema, na machozi yanamwingia mdomoni.

"Bado, mama. Wewe hujazeeka sawasawa."

Jumbe Machano akakasirika. Akasema hii ni hila. Kazi gani hii isiyo na mwisho? Akainuka, akachukua rungu, akalipandisha juu. Mazimwi wakafumba macho, wenye mawili wakafumba mawili, wenye matatu wakafumba matatu.

Bi Siwatu hakufumba. Hofu ilikuwa imemtoka, hata yeye hakujua imekwenda wapi. Akapita chini ya lile rungu kana kwamba halipo, akaenda mpaka kwenye kitanda cha kamba, akachuchumaa na mgongo wake ule mbovu.

"Shikamoo, Bi Mwatime."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina swali moja, na si la Jumbe, ni lako. Huyu Machano, kazi yake ya uana imekwisha?"

Kikongwe akageuza shingo polepole, akamtazama mwanawe aliyesimama na rungu juu.

"Imekwisha wapi? Tangu juzi namwambia paa linavuja, matone yananidondokea hapa utosini. Ananiambia ana barza."

Mdomo wa chini wa Jumbe ukaacha kutafuna.

"Na hilo rungu litue chini," kikongwe akaendelea, "unapozungumza na mtoto wa mwenzio. Mimi sikukulea hivyo."

Rungu likashuka lenyewe. Jumbe Machano akatazama huku, akatazama kule, na mkia akaubana katikati ya miguu. Bi Mashavu alikuwa wa kwanza kucheka, nadhani kwa sababu ya zile siku zake nne za aibu. Jumbe akakohoa. Akasema barza imeahirishwa, ana paa la kuezeka. Na sheria ile hakuifuta. Aliisahau tu, na watu wakamsaidia kuisahau.

Kiangazi kilichofuata, Bi Mashavu alikuja kwa Bi Siwatu akakaa mlangoni muda mrefu akizungumzia bei ya mihogo. Mwisho akauliza, huku anatazama pembeni, mdomo unawekwaje.

Miaka ikaenda. Sikudhani akakua. Mnauliza udongo uliochomwa unakuaje? Waulizeni mazimwi, mimi nimeletewa hivyo. Akajifunza kufinyanga, akabeba udongo bila kuagizwa, akampashia mama yake maji ya kuoga. Na Bi Siwatu akazeeka sawasawa. Mwisho akawa haoni. Akilala kitandani, anapapasa kwa ule mkono wenye kovu, anaimba kisauti chembamba:

*Mwanangu, mwanangu, upo?*
*Nipo, mama, nipo.*

Asubuhi moja ya masika aliimba mara moja, akaitikiwa, akalala, hakuuliza tena.

Sikudhani akachimba kaburi mwenyewe. Akamzika mama yake karibu na mto, pale unapotoka udongo mweusi. Kisha akaketi pembeni. Mazimwi wakatazamana, kila mmoja akajua wanachongoja. Kazi ya mtoto, walisema, huishia hapo. Wakakaa naye wamwone akiwa udongo, asiwe peke yake. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu Jumbe Machano, naye sasa mzee, mama yake amekwisha kumzika, akamshika bega.

Akasema, "Mwanangu, umemzika. Kazi imekwisha."

Sikudhani alikuwa anatazama kaburini, mahali fulani katikati ya madongoa. Akainama, akanyoosha mkono, akang'oa kitu. Lilikuwa jani moja la nyasi.

"Bado," akasema. "Kaburi limeanza kuota majani."

Akapiga magoti, akaanza kupalilia. Jumbe akamtazama anavyong'oa. Kisha akakumbuka kitu, akaondoka kwa haraka, na njia aliyoshika ilikuwa ya kwenye kaburi la Bi Mwatime.

Mimi hapa ndipo huwa nalia. Leo nimejikaza kwa sababu yenu.

Hadithi nimeitua. Aliyeipenda aibebe kwa mama yake. Aliyeichukia aniachie hapa nilipo, nitaikalia.

Imekwisha?

Bado.

Haya, inukeni, mmeitwa majumbani.